Ufa Huzibwaje? Somo la Lugha Kutoka Paa la Gari

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sidhani yupo mwanafunzi wa Kiswahili humu nchini ambaye hajakutana na methali hii. Ameitolea maana ya juu na maana ya ndani, akaitungia kisa cha kijana aliyepuuza homa ndogo hadi akalazwa, au cha mzazi aliyefumbia macho utundu wa mwanawe hadi ukageuka uhalifu. Walimu tumezisahihisha insha hizo kwa maelfu. Hata hivyo, sijapata kuona hata moja ambamo mwandishi ameuliza swali ambalo mwashi yeyote angeliuliza kwanza: ufa wenyewe huzibwa kwa kitu gani, na huzibwa vipi?

Msomaji asidhani kwamba nafanya mzaha. Lugha yetu tumeilea vyema katika kuonya, kusifu, kubembeleza na kuomboleza. Katika kuelekeza, yaani kumwambia mtu afanye nini kwanza, afanye nini baadaye, na ajihadhari na nini wakati akifanya, tumeiacha nyuma. Upungufu huu una gharama, na gharama hiyo hulipwa na watu ambao hawaandiki katika kurasa kama hizi. Nitalieleza dai langu kwa kutumia kitu ambacho hakijazoeleka katika mijadala ya lugha: paa la gari lililopasuka.

Wasomaji wengi wameyaona magari yanayowapeleka watalii katika mbuga zetu za wanyama. Paa la gari hilo huweza kuinuliwa ili abiria wasimame na kutazama simba bila ya kushuka. Aghalabu paa hilo halikuundwa kwa bati. Limeundwa kwa faiba, dutu ile ile inayoundiwa boti nyingi za siku hizi katika Pwani yetu. Gari kama hilo likichoka na kazi ya utalii huuzwa, na wapo wanunuzi wanaoligeuza likawa gari la safari na malazi: huondoa viti vya nyuma, wakaweka kitanda, meko ndogo na pipa la maji. Mimi ninalo moja la aina hiyo. Lilinifikia likiwa na ufa wa takriban sentimita 40 kwenye paa, ulioanzia katika tundu la skrubu na kutambaa kuelekea katikati. Aliyekuwa nalo kabla yangu aliupaka puti, akaipaka puti rangi, na kwa miezi michache mambo yakaonekana shwari. Mvua za masika zilipofika, puti ilipasuka katika mstari ule ule wa zamani na maji yakaanza kudondoka kitandani.

Kwa nini ilipasuka tena? Ili kulijibu swali hili inatubidi tujue faiba ni nini. Jina lenyewe lina historia yake. Mwaka 1938 kampuni mbili za vioo za Marekani, Owens-Illinois na Corning, ziliunda kampuni ya pamoja iliyoitwa Owens-Corning Fiberglas. Neno hilo la mwisho, lenye herufi s moja, lilikuwa alama ya biashara kabla halijaingia vinywani mwa watu wote. Mwaka 1953 kampuni ya Chevrolet ilitoa gari la Corvette, ambalo bodi yake iliundwa kwa dutu hiyo. Sisi nasi tulilipokea neno, tukalikata mkia, likawa faiba.

Jambo ambalo jina hilo halisemi ni kwamba faiba ni vitu viwili vilivyooana. Kimoja ni nyuzi nyembamba za kioo. Cha pili ni resini, kimiminika kizito kama asali ambacho hugeuka kuwa kigumu kikichanganywa na kitu kingine nitakachokieleza hapa chini. Nyuzi za kioo zina nguvu nyingi zikivutwa, lakini zikiachwa peke yake hukunjika kama kitambaa. Resini nayo ikiganda peke yake huwa ngumu, lakini huvunjika kama kigae. Viwili hivi vikishikana, resini huzuia nyuzi zisikunjike na nyuzi huzuia resini isivunjike. Mwanafunzi aliyeiona nyumba ya udongo ikijengwa hana haja ya maelezo zaidi, kwani fito na udongo huishi katika ndoa ya namna hiyo hiyo. Saruji na nondo pia ni vivyo hivyo.

Sasa jibu limejitokeza lenyewe. Puti ni resini iliyochanganywa na unga laini, na haina nyuzi. Kuupaka puti ufa wa faiba ni sawa na kukandika udongo mahali ambapo fito zimekatika. Gari linapopita katika makorongo, paa hupinda na kurudi, na nguvu yote ya kuvuta huangukia kwenye kitu ambacho hakijaumbwa kuvutwa. Puti ina kazi yake, nayo ni kusawazisha sura baada ya mwili kuungwa. Aliyeitumia kuungia mwili aliuficha ufa, hakuuziba.

Kazi ya kuuziba tuliifanya nyumbani kwangu kwa siku mbili, mimi nikisaidiana na fundi mmoja ambaye kwa kawaida hutengeneza boti na bampa za magari. Nitaieleza kwa utaratibu wake, kwa kuwa utaratibu huo ndio kiini cha hoja yangu.

Kwanza tulilifungua paa, tukaligeuza kichalichali juu ya magunia ili upande wa ndani utazame juu. Ni rahisi kulaza resini juu ya kitu kuliko kuibandika darini ikikudondokea usoni. Kisha fundi alichukua sarafu akawa anagonga polepole kandokando ya ufa. Palipo pazima palitoa mlio mkavu. Palipoachana tabaka palitoa mlio mzito, wa chini. Alitia alama kwa chaki, na kwa njia hiyo tukajua kwamba jeraha lilikuwa pana kuliko ufa ulioonekana.

Tuliosha sehemu hiyo kwa sabuni, ikakauka, tukaifuta kwa asetoni. Kufuta hutangulia kusugua, kwa sababu ukisugua juu ya mafuta au nta utayashindilia ndani na resini haitashika. Fundi alitoboa tundu dogo la milimita 3 katika ncha ya ufa ili usiendelee kutambaa. Kisha tukasugua kwa msasa mkali, na hapa ndipo wengi wanapokosa subira. Ukingo wa ufa hauachwi wima; huchongwa uwe mteremko. Kanuni inayotumika sana ni mara 12 ya unene: paa letu lilikuwa na unene wa takriban milimita 3, kwa hiyo mteremko ulihitaji takriban sentimita 4 kila upande. Mteremko huo ndio unaoipa faiba mpya eneo la kutosha la kushikana na ile kuukuu. Wakati wa kusugua mtu huvaa miwani ya kukinga macho, barakoa ya vumbi na nguo za mikono mirefu, kwa kuwa vumbi la kioo huwasha ngozi na si la kuvutwa kifuani.

Kwa upande wa nje tulibandika karatasi ya plastiki ili resini isivuje. Halafu tukakata vipande 3 vya mkeka wa nyuzi za kioo, kila kimoja kikubwa kidogo kuliko kilichotangulia. Mkeka tulioutumia ni ule wenye gramu 450 kwa mita mraba, ambao tabaka moja likiganda hukaribia milimita 1. Kwa eneo letu, lililokuwa na ukubwa wa sentimita 50 kwa 10, mkeka wote haukuzidi gramu 70, na resini iliyohitajika ilikuwa kama gramu 160, kwa maana mkeka wa aina hii hunywa resini mara mbili hadi mbili na nusu ya uzito wake.

Baada ya kuchanganya, hatua ambayo nitairudia, tulipaka resini kwa brashi, tukalaza kipande cha kwanza, tukakigongagonga kwa ncha ya brashi mpaka weupe wa nyuzi ukapotea na mkeka ukawa kama kioo chenye ukungu. Weupe ukibaki, hapo pana hewa, na penye hewa hapana nguvu. Tukarudia kipande cha pili na cha tatu. Mwishoni tulifunika kwa karatasi ya plastiki, kwani resini ya aina hii ikiguswa na hewa huchelewa kukauka juu na kubaki ikinata. Siku ya pili tuligeuza paa, tukasugua upande wa nje, na hapo ndipo puti ilipopata nafasi yake halali: kusawazisha mfereji mwembamba uliobaki. Mwisho ikaja rangi, ambayo haikuwekwa kwa ajili ya urembo pekee, kwa sababu jua huila resini isiyofunikwa.

Hiyo ndiyo kazi. Msomaji ataona kwamba nimeieleza kwa Kiswahili na sikupungukiwa na kitu cha maana. Natulirudie sasa lile suala la kuchanganya.

Resini haigandi yenyewe kwa wakati unaofaa. Hutiwa kimiminika kingine, kidogo mno, ambacho hapa nitakiita kigandishi. Kwa kawaida ni gramu 1 hadi 2 kwa kila gramu 100 za resini. Kikipungua mno, resini huenda isigande sawasawa milele. Kikizidi, huganda upesi, ikapata moto, ikawa dhaifu. Kigandishi kinachotumika sana kwa resini za namna hii ni peroksaidi ambayo mkebeni huandikwa kwa herufi MEKP. Kimiminika hiki hakina rangi, na kwa macho hufanana na maji. Tone moja likiingia jichoni linaweza kumpofusha mtu kabisa. Aidha, zipo resini ambazo huhitaji kitu cha tatu, kiharakishi chenye kobalti, ambacho mara nyingi huwa cha zambarau. Kiharakishi na kigandishi vikikutana vyenyewe, bila ya resini kuwa katikati, huweza kuwaka au kulipuka. Na resini yenyewe hutoa mvuke wa staireni, ambayo mwaka 2018 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lenye makao yake Lyon, Ufaransa, liliiweka katika kundi la vitu ambavyo yamkini husababisha saratani kwa binadamu. Barakoa ya vumbi haiuzuii mvuke huo. Huhitajika barakoa maalumu ya mvuke, na mahali penye upepo.

Haya yote yalikuwa yameandikwa kwenye mikebe tuliyokuwa nayo. Yaliandikwa kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo, katika sentensi za aina ambayo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo kikuu huhitaji kuzisoma mara mbili. Nilimwuliza mwenzangu kuhusu ule mkebe mdogo.

"Fundi, hii inaitwaje?"

"Hiyo ni dawa, mwalimu. Ukitia nyingi inashika haraka."

Naomba nieleweke. Fundi huyu ana ujuzi ambao mimi sina. Alitazama mawingu ya asubuhi akajua ni kiasi gani cha kutia, naye alitambua kwa kidole kama resini imefika mahali pa kuachwa. Ila alipima kwa kifuniko cha chupa, alichanganya bila ya miwani, na maandishi ya mkebe hakuwahi kuyasoma kwa sababu hayakuandikiwa yeye. Nilipomsomea kwa Kiswahili yale yanayohusu macho, alinyamaza kidogo. Kisha akasema kwamba mzee aliyemfunza kazi hiyo alipoteza jicho moja, na miaka yote hiyo wao waliamini kuwa ni vumbi la kusugua lililomdhuru. Siwezi kuthibitisha ni kipi kilichomdhuru mzee yule. Ninaloweza kulisema ni kwamba wanafunzi wake hawakuwa na habari hata ya kuwawezesha kuuliza.

Hebu tulitafakari hilo neno dawa. Kiswahili hulitumia kwa upana: kuna dawa ya homa, dawa ya meno, dawa ya viatu na dawa ya panya. Ni neno linalosema kwamba kitu fulani kina nguvu ya kuleta badiliko. Ila halitaji badiliko lenyewe, na kwa kuwa maana yake ya kwanza ni tiba, hubeba harufu ya wema. Anayekiita kigandishi dawa amepewa na lugha yake picha ya kitu cha kusaidia, naye atakishika kama kitu cha kusaidia. Neno halikumdanganya, limemwachia nusu ya habari.

Hapa wanaisimu wenzangu watadakia kwamba tatizo ni istilahi, na kwamba tuunde maneno mapya. Sikubaliani nao moja kwa moja. Maneno tunayo, na mengine tunayo kwa wingi kuliko tunavyodhani. Mafundi wa vyombo vya baharini walikuwa wakiziba nyufa karne nyingi kabla faiba haijazuliwa. Wana kalafati, yaani pamba inayosokomezwa baina ya mbao ili maji yasipenye. Wana deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu unaopakwa upande wa chini wa chombo. Wana taruma, mbavu inayoshikilia mbao. Hata resini haikuwa ngeni kwetu. Katika karne ya 19 sandarusi, utomvu wa msandarusi uliogandamana ardhini kwa muda mrefu, ilichimbwa katika pwani ya Mrima ikapelekwa Unguja. Kutoka huko wafanyabiashara wa Salem nchini Marekani waliinunua, hususan baada ya mkataba wa biashara wa mwaka 1833 baina ya nchi yao na Sultani Seyyid Said. Ilitengenezewa vanishi, ikiwamo iliyong'arisha magari ya kukokotwa na farasi. Resini ya mwambao wetu ilipakwa kwenye bodi za magari kabla magari ya injini hayajaenea.

Je, basi, resini ya leo tuiite sandarusi? Au ulimbo, ule unaonasa ndege? La. Anayekwenda dukani kuulizia sandarusi hatauziwa kitu, na mkebeni hataliona neno hilo. Resini inatosha, kwa kuwa hulielekeza jicho kwenye herufi zilizopo mkebeni. Mkeka nao ni neno zuri, mradi mwalimu aeleze kwamba mkeka huu haukusukwa kama ule wa ukindu. Nyuzi zake zimetapakaa kila upande, na ule uliofumwa ni afadhali tuuite kitambaa. Kigandishi kinajieleza chenyewe kwa sababu kimetokana na kugandisha, kitenzi ambacho kila mpishi anakijua. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na TUKI tangu mwaka 1990. Hatuwezi kudai kwamba sayansi haina maneno ya Kiswahili.

Kinachokosekana ni sentensi. Kwa miongo kadhaa tumeandika tasnifu na makala kuhusu namna ya kuunda istilahi, tukabishana kama neno hili likopwe au litafsiriwe, kisha maneno hayo tukayaacha kamusini yakiwa yamelala. Istilahi haimwokoi mtu jicho. Kinachomwokoa ni sentensi iliyotungwa sawasawa na kuwekwa mahali ambapo ataiona kabla hajafungua mkebe. Na kwa kazi hiyo sarufi yetu ina vifaa barabara. Kiambishi -ki- hufunga sharti na tokeo katika kitenzi kimoja: kikikuingia, ikianza, ukizidisha. Tunayo "kabla huja-", tunayo "mpaka", "ndipo" na "kisha". Tatizo ni kwamba matangazo yetu rasmi hupenda kauli ya kutendwa: visichanganywe, zivaliwe, isifunguliwe. Kauli hiyo humficha mtendaji, na mtendaji akifichwa huona kwamba anayeambiwa ni mtu mwingine.

Nitatoa mfano wa maneno ambayo ningependa kuyaona kwenye mkebe ule:

"Soma kabla hujafungua. Kigandishi hiki kinaweza kukupofusha. Vaa miwani ya kukinga macho na glavu. Kikikuingia jichoni, usisugue: osha mara moja kwa maji safi yanayotiririka, kope zikiwa wazi, kwa muda usiopungua dakika 15, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yametulia. Usikichanganye kigandishi na kiharakishi moja kwa moja, vinaweza kulipuka. Ikiwa resini yako inahitaji kiharakishi, kikoroge kwanza ndani ya resini mpaka kienee, ndipo utie kigandishi. Pima kwa mizani, usikadirie. Fanya kazi mahali penye upepo, mbali na moto na sigara. Resini iliyobaki ikianza kupata moto chomboni, ipeleke nje, mbali na vitu vinavyowaka."

Hapo hakuna neno ambalo mtu aliyemaliza darasa la nane atashindwa kulielewa, ila labda kigandishi na kiharakishi, na hayo mawili yataelezwa na mkebe anaoushika mkononi.

Wapo watakaosema kwamba mafundi wetu hujifunza kwa kuona, na hawasomi. Ni kweli kwamba hujifunza kwa kuona. Lakini jicho huona kinachotendeka, halioni kilichoepukwa. Mwanafunzi wa fundi ataona resini ikikorogwa, hataona mlipuko ambao haukutokea. Makatazo huhitaji lugha. Na kuhusu kusoma, fundi yule aliniomba nimwandikie maelezo yale kwenye karatasi, naye aliyasoma mbele yangu bila ya kukwama.

Wengine watasema kwamba picha zinatosha. Umoja wa Mataifa ulitoa mwaka 2003 mfumo wa alama za hatari unaotumika katika nchi nyingi, wenye picha ya mwali wa moto, na ya kimiminika kinachoula mkono. Alama hizo ni za manufaa makubwa na sizibezi. Hata hivyo, picha husema "hatari", haisemi "kwanza hiki, ndipo kile". Utaratibu hukaa katika vitenzi.

Wengine tena watasema kwamba Kiingereza ndicho lugha ya biashara na sayansi, na kwamba fundi ajifunze hicho. Sina ugomvi na Kiingereza. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 7, imezitambua lugha zote mbili kuwa rasmi, na Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Lakini Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 46, humpa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike nayo kikamilifu, na haki ya kulindiwa afya na usalama wake. Habari ambayo mwenye haki hawezi kuisoma haijamfikia. Haki hiyo haina budi kuwa na lugha, na ni halali yetu kuuliza ni lugha gani.

Mzigo huu, hata hivyo, sitaki kuutwika wenye viwanda na serikali peke yao. Sehemu yake ni yetu walimu. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 ulileta mambo mawili kwa pamoja: Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa, na masomo ya ufundi yakatiliwa mkazo. Mambo hayo mawili yaliingia katika shule moja yakapita milango tofauti. Useremala ulielezwa kwa Kiingereza, na Kiswahili kikabaki na methali zake. Mtaala wa umilisi, ulioanza kufanyiwa majaribio mwaka 2017, umetupa nafasi nyingine ya kuyakutanisha, kwani unamtaka mwanafunzi aweze kutenda.

Mada yenyewe ipo tayari katika vitabu vyetu. Tunafundisha uandishi wa kiuamilifu, tunawaeleza wanafunzi tofauti ya ilani, onyo na tahadhari, tunawaandikisha resipe. Ila resipe huwa ya pilau, na tahadhari huwa ya mbwa mkali. Kwa nini mwanafunzi asitumwe kwa fundi wa mtaa wake, awe wa kuchomelea vyuma, wa betri au wa faiba, akaketi naye, akauliza, akaona, kisha akaandika maelekezo ya kazi moja kwa Kiswahili fasaha? Na kwa nini insha hiyo isisahihishwe kwa kipimo kimoja kikuu: je, mtu ambaye hajawahi kuifanya kazi hii, akiyafuata maelekezo haya, atafaulu bila ya kuumia? Kipimo hicho ni kigumu kuliko kuhesabu tamathali za usemi. Mwanafunzi atagundua upesi kwamba neno "kidogo" halimwambii mtu kitu mpaka litajwe katika gramu, na kwamba "halafu" iliyokosewa mahali pake inaweza kumgharimu mtu jicho.

Vyuo vikuu navyo vina wajibu. Tasnifu moja ya istilahi ikipungua na badala yake ukapatikana mwongozo mmoja uliojaribiwa na mafundi kumi, hakuna atakayesema kwamba taaluma imeshuka. Mafundi watatupa maneno wanayoyatumia, nasi tutawapa maandishi. Kijitabu cha kurasa chache kinachoning'inizwa kwa kamba katika karakana kitafanya kazi ambayo kamusi ya kurasa mia tano haijaifanya.

Nawaomba walimu wenzangu, basi, muhula ujao mwanafunzi akileta ile methali ya ufa na ukuta, wamsifu kwa maana ya ndani aliyoitoa. Kisha wamrudishie karatasi na kumwambia aandike upande wa nyuma, kwa nambari na kwa vitenzi vilivyo wazi, ufa wa ukuta wa kwao huzibwaje.